Zahanati ya mwaloni nyota 5, hospitali kubwa ya mjini nyota 2 na nusu: shemeji yangu alivyopigwa na radi

Watu wanatoa nyota kwa simu, kwa chipsi kuku, mpaka kwa vinyozi, sasa na mimi leo naomba nitoe nyota zangu kwa huduma ambayo naomba Mungu usije ukaihitaji, huduma ya mtu aliyepigwa na radi. Nimekaa na hili jambo tangu mwezi wa kumi na moja mwaka jana, nikawa naanza kuandika nafuta, mana nikiandika kwa hasira naona kama nawaonea watu, nikiandika kwa upole naona kama nambania yule nesi wa zahanati sifa zake. Leo nimeamua liende.

Majina sitaji. Zahanati iko kwenye mwalo mmoja (pale ufukweni wavuvi wanapotua na mitumbwi) upande wa Buchosa, hospitali iko Mwanza mjini, inatosha, hospitali Mwanza ziko nyingi msianze kubashiri.

Ilikuwa kama saa tisa alasiri hivi. Mimi nilikuwa nimeenda kumsalimia mama mkwe, nikatoka kidogo nikakaa kwenye kibanda cha miamala naongea na jamaa wa pale. Vuli ilikuwa imeshachanganya. Wanaojua mwaloni wanajua wingu likionekana tu upande wa nchi kavu wamama wanaanza kukimbizana kukusanya dagaa, kwa sababu dagaa ikilowa haina bei tena, inabaki ya kuuza kwa wenye kuku. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anawaza radi, watu walikuwa wanawaza ndoo zao. Shemeji yangu (kaka wa mke wangu, yeye ni fundi injini za mitumbwi) alikuwa anafungua injini chini pale, mvua ilipoanza kupiga matone makubwa akakimbilia chini ya mkuyu na wamama wawili. Kijana mmoja mbeba mizigo alikuwa nje kabisa ya kivuli cha mti, kama hatua ishirini hivi, ana ndoo begani.

Sikusikia ngurumo. Nilichosikia ni mlio kama mtu kapasua bati juu ya utosi wangu, na mwanga na mlio vilikuja pamoja, hakuna ile ya kuona mwanga ukahesabu moja mbili tatu. Alafu ikaja harufu moja kama ya kiberiti imechanganyika na mti mbichi. Nilivyoinua kichwa mkuyu ulikuwa umechanika gome kutoka juu mpaka chini, mstari mweupe, kama mtu kamenya muhogo. Ndala moja ya shemeji ilikuwa mbali huko karibu na maji, na shati lake limeraruka mgongoni.

Sasa hapa ndo kitu cha kwanza ambacho mimi nisingekijua mpaka nakufa. Wote wanne walikuwa chini. Wale wamama wawili wanapiga mayowe, kijana analia kwamba hasikii. Shemeji kimya. Na sisi wote, mimi nikiwemo, naandika hili kwa aibu, tulikimbilia kwenye mayowe. Mtu anayelia ndo unamwona ana shida, yule aliyelala kimya ulimi unamwambia "Bwana ametwaa" hata kabla hujamfikia. Mzee mmoja akaja akamfunua shemeji jicho, akasema mboni imetanuka, huyu tayari, mfunikeni. Mwingine anapiga kelele msimguse ana umeme bado huyo. Na mwingine, maana hawakosekani, ashaanza hii siyo radi ya Mungu hii ni radi ya mtu, mwiteni fulani.

Nesi wa zahanati akaja anakimbia kwenye mvua, kitenge juu ya yunifomu, ndala zake kashika mkononi. Zahanati siyo mbali, ni kupandisha kilima kidogo tu. Hakuuliza nani kaumia. Aliuliza, "Nani hapigi kelele?"

Tukamwonyesha. Akapiga magoti kwenye matope, vidole viwili shingoni, sikio kwenye pua. Yule mzee akaanza tena habari za mboni, nesi akamjibu bila hata kumtazama, "Baba, kwa radi mboni haisemi kitu, tulia." Alafu akasema maneno ambayo nitayakumbuka, "Moyo unapiga, pumzi ndo hana." Akambana pua akaanza kumpulizia mdomo kwa mdomo. Pale kwenye tope, watu wamezunguka, mvua inanyesha, kila baada ya sekunde tano sita anampulizia, anatazama kifua kama kinapanda, anapuliza tena. Kuna wamama waligeuza nyuso. Kuna vijana walicheka cheka kidogo, siyo kwa ubaya, ile ya kutojua uweke wapi macho.

Baadaye nilimuuliza akanieleza vizuri, na hili ndo ningeomba mtu akisoma hapa alishike. Radi ikimpata mtu inaweza kusimamisha moyo na pumzi kwa mpigo mmoja. Lakini moyo una kiwashio chake wenyewe ndani, mara nyingi unajiwasha. Pumzi inaamrishwa kutoka kwenye ubongo kule nyuma chini, na ile sehemu inapigwa ganzi, inachelewa kuamka, pengine dakika nyingi. Kwa hiyo unakuwa na mtu ambaye moyo umerudi lakini hakuna hewa, na ukimwacha hivyo moyo unakosa oksijeni unazima mara ya pili, na huo uzimaji wa pili ndo mgumu kuurudisha. Akasema, "Yule anayelia anapumua, kwa hiyo ananisubiri. Huyu hanisubiri." Kwenye ajali ya basi, kama watu ni wengi na wahudumu wachache, wanaweza kumpita yule asiyepumua waende kwa wenye nafasi zaidi ya kupona, kwenye radi ni kinyume chake, anayeonekana amekufa ndo anatangulia. Na umeme hakai nao mtu. Radi ikishapita imepita, mguse tu.

Angekuta na moyo haupigi angeanza kukandamiza kifua, katikati hapo, kwa nguvu na haraka, mara mia moja na zaidi kwa dakika, huku wanapokezana. Hakuhitaji, tumshukuru Mungu.

Alipuliza pale mara chache akasema tuhame, mana ngurumo zilikuwa bado zinaendelea, na habari ya kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili ni uongo mtupu. Tukamweka kwenye turubai la dagaa, watu sita, yeye kashika kichwa na shingo visichezecheze kwa sababu mtu anaweza kurushwa akavunjika, kila hatua kadhaa anatusimamisha anampulizia. Harufu ya lile turubai mpaka leo. Kufika zahanati akamtuma mhudumu alete ambu, ule mpira wa kumpulizia mtu hewa, ikaja ile ya chumba cha kuzalishia. Ambu ya watoto wachanga. Kampira kadogo kama ndimu kubwa na kabarakoa kanakofunika pua tu ya mtu mzima. Akakaangalia, akakaweka pembeni, akarudi kwa mdomo. Hapo nilitaka kulia.

Ilichukua kama robo saa nzima toka aanze. Alafu shemeji akavuta pumzi moja yenye mkoromo, ikapita muda, akavuta nyingine. Baada ya hapo akawa anapumua mwenyewe, anagumia, macho yamefumba, hajui yuko wapi. Mama mkwe aliyekuwa amekaa nje kwenye benchi hasemi chochote, akainuka akaenda kumfungia mbuzi kamba upya. Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo.

Sasa akageukia wengine, na hapa napo nampa nyota. Mama mmoja miguu yote miwili haisogei, imepoa kama ya maiti, rangi imekuwa ya bluu bluu yenye mabaka. Watu wameshaanza kusema amepooza huyo, watoto wake wanalia. Nesi akampapasa, akamtazama mgongo, akasema hii ya radi mara nyingi inaachia yenyewe ndani ya masaa, mishipa imejikaza, mlazeni mumfunike, ila nitamwandikia aende naye akaangaliwe uti wa mgongo. Saa tatu usiku yule mama alikuwa anajikanyagia mwenyewe kwenda chooni. Mama wa pili alikuwa na damu inatoka sikioni, na alipomuuliza kama ana ujauzito akasema hana. Yule kijana alikuwa na kitu cha ajabu mgongoni, mchoro mwekundu kama jani la kangaga, umetanda na matawi yake madogo madogo kabisa, mzuri kama mtu kauchora kwa kalamu. Na hapo ndo wale wa radi ya mtu wakapata ushahidi wao. Nesi akasema siyo kuungua wala siyo chale, ni alama ya radi ilivyosambaa, itafutika, msipake kitu. Kufika kesho yake jioni hakukuwa na kitu pale mgongoni. Nilikuwa nimepiga picha, nimeifuta kwa sababu kijana aliniomba, hakutaka itembee kwenye simu za watu.

Na kijana alikuwa mbali na mti kama nilivyosema. Mimi nikadhani radi inampiga yule iliyemlenga tu. Kumbe ikishuka kwenye mti inasambaa chini ardhini, inaingia mguu mmoja inatoka mwingine, na wengi wanaoumizwa ni kwa njia hiyo ya ardhini au ya kurukiwa kutoka kwenye mti, wale wa kupigwa moja kwa moja ni wachache sana. Ndo mana ng'ombe wanakufa zizi zima, miguu ya mbele na ya nyuma imepishana mbali alafu moyo uko katikati.

Zahanati: nyota tano. Ningekuwa na sita ningetoa. Ina watumishi wawili na sola moja.

Usafiri. Hapa sipotezi muda. Tulipiga namba ya ambulensi tukaambiwa gari lipo, dereva yupo, mafuta ndo hakuna, tukasema tunatuma hela ya mafuta sasa hivi, tukaambiwa dereva ametoka kidogo. Tukakodi Noah ya mtu, elfu tisini, siti za nyuma zimelazwa. Nesi alipanda na sisi na ile ambu yake ya watoto mkononi akisema bora hii kuliko hewa tupu. Tulipitia kituo cha afya wakampa oksijeni wakatuandikia rufaa kwa dakika chache tu, hao nawapa nne. Nyota ya usafiri naipa daraja. Zamani ukifika Busisi usiku na mgonjwa ilikuwa ni kusubiri kivuko, watu wamefia kwenye foleni pale. Sasa hivi tangu lile daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 ni kama kilometa 3 unateleza tu juu ya ziwa, mi nilikuwa sijalipita bado, nikalipita nimemshika mtu kidevu asizibe koo.

Tukafika hospitali kubwa saa moja na kitu usiku.

Nianze na mazuri. Idara ya dharura ni safi, ina taa, ina vitanda vya kunyanyuka, mlinzi getini alikimbia mwenyewe kuleta machela bila kuambiwa. Vyoo vina maji. Oksijeni walimwekea hapo hapo. Siti skani waliipiga usiku ule ule kwa sababu mgonjwa alikuwa hajarudiwa na fahamu, na majibu yakaja kwamba ubongo hauna damu iliyovuja, kwa hilo asanteni.

Sasa mapokezi. Dada wa dirishani kaniuliza tatizo, nikasema kapigwa na radi. Akaandika "ajali", akanyoosha mkono, "PF3". Nikamwambia dada hii ni radi. Akasema ajali zote zinahitaji PF3. Nikamuuliza niende polisi nikamshtaki nani, akanikazia macho kama mimi ndo nimechelewesha foleni. Yaani mgonjwa kalazwa kule ndani, mimi nabishana kuhusu fomu ya polisi ya kumfungulia jalada wingu. Ilibidi mzee mmoja wa usafi aliyekuwa anapiga deki aseme, "Mwandikie ugonjwa tu binti, radi haina dhamana." Ndo likaisha. Alafu kontroo namba ya kulipia, mtandao uko chini, mtandao umerudi, umeshuka tena.

Kule ndani mgonjwa kakabidhiwa kwa intani, daktari aliye bado mafunzoni, kijana mpole, mchapakazi, simlaumu sana, hata usingizi alikuwa hajalala ilionekana. Akasoma "umeme" kwenye ile karatasi ya rufaa, na kweli mtu yeyote angefikiria nguzo ya TANESCO. Akatundika dripu. Ikaisha akatundika nyingine, inakimbia, ya tatu nayo. Akanieleza kwamba umeme unaunguza nyama ndani kwa ndani, nyama zikifa zinaziba figo, ndo mana maji mengi. Maneno matupu ya kitabu, na kwa mtu wa waya wa umeme mkubwa ni sawa kabisa.

Ila siyo kwa radi. Aliyekuja kusema hivyo ni daktari bingwa wa dharura, mama mmoja wa makamo, aliingia kama saa tano usiku anavua koti la mvua, akaangalia dripu, akaangalia mgonjwa, akapunguza ile dripu kwa kidole kabla hata hajasalimia. Alafu akamuuliza intani, "Ameungua wapi?" Wakamgeuza. Alikuwa na mstari mwekundu shingoni kwenye cheni na michubuko ya juu juu kifuani kwenye jasho, basi. Akamwambia, waya wa umeme unakung'ang'ania, unakaa na wewe sekunde nzima, unakupika. Radi moto wake unazidi uso wa jua mara tano lakini inapita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, nyingi inateleza juu ya ngozi, inageuza jasho kuwa mvuke (ndo mana shati lilipasuka na ndala ikaruka). Kwa hiyo kuungua ndani kwa kina ni nadra. Anachoumia huyu ni moyo, ubongo, mishipa ya fahamu, masikio na macho. Na kichwa chenye ubongo uliotikiswa ukikijazia maji bila sababu unaweza kuongeza uvimbe. Akauliza, "ECG yake iko wapi?"

Kimya.

Karatasi za mashine zilikuwa zimeisha toka mchana. Yaani mtu ambaye moyo wake umepigwa na radi, amekaa masaa karibu matano kwenye hospitali yenye siti skani, hajapigwa kile kipimo cha kubandika nyaya kifuani kwa sababu ya karatasi. Yule mama daktari akatoka mwenyewe akarudi na mashine ya wodi ya juu, ikapigwa saa sita kasoro usiku. Ilionyesha mabadiliko, nikaambiwa siyo ya kutisha ila wamfunge kwenye mashine ya kuangalia mapigo mpaka asubuhi na warudie, na wachukue damu ya kipimo cha misuli ya moyo, na mkojo waangalie rangi. Asubuhi waliporudia ilikuwa imekaa sawa. Nikamuuliza yule daktari kama atapona akanipa jibu ambalo lilinishangaza, akasema kwa takwimu za Marekani katika kila watu kumi wanaopigwa na radi tisa wanabaki hai, wanaokufa wengi ni moyo ukisimama pale pale na hakuna wa kumpulizia. Akauliza nani alimpulizia. Nikamwambia nesi yuko nje kwenye benchi kalala. Akatoka kwenda kumwangalia. Alimfunika na lile koti la mvua hakumwamsha.

Kwa huyo daktari peke yake nimetoa nyota moja na nusu katika zile mbili na nusu. Mlinzi na mzee wa deki wagawane moja iliyobaki.

Kwa nini nabana hivyo wakati mtu alipona? Kwa sababu ya siku ya kuruhusiwa. Siku ya tatu shemeji anaongea, anakula uji, anatembea, anauliza injini ya watu iko wapi. Tukalipa, ile siti skani peke yake laki moja na themanini, tukapewa karatasi. Imeandikwa kapona, dawa za maumivu, arudi akiwa na tatizo. Basi! Hakuna tarehe ya kliniki. Hakuna aliyetuambia kitu chochote kuhusu siku za mbele.

Wiki ya pili akaanza kusahau. Anafungua kabureta anasahau alikuwa anatafuta nini, anatukusanya watu wote tumtafutie spana aliyoishika. Halali usiku. Kichwa kinamuuma. Mtu aliyekuwa mcheshi hivyo anawaka kwa kitu kidogo, alimtupia mama yake sahani, mama yake! Mke wake akampigia simu mke wangu analia anasema huyu siyo yule, walituchukulia mtu kule wakaturudishia mwingine. Na unajua kijijini hilo linapokelewaje, wale wa radi ya mtu walirudi tena na hoja mpya, safari hii wanataka ng'ombe. Nikampigia yule nesi, nesi akampigia yule daktari (kumbe walipeana namba usiku ule), na akajibu kwamba ndo kawaida ya wengi waliopona radi, kumbukumbu, usingizi, hasira, maumivu ya mishipa, inaweza kuchukua miezi, wengine zaidi, apunguziwe kazi, aje kliniki, na familia ielewe kwamba anaumwa siyo kwamba kabadilika tabia. Sentensi moja hiyo kwenye karatasi ya kuruhusiwa ingemwokoa mama mkwe na ng'ombe mmoja, mana alishauzwa tayari tunavyozungumza.

Na masikio! Wale wamama na kijana waliletwa kesho yake kwa gari lingine, hospitali ile ile, wakaangaliwa wakaambiwa wazima. Hakuna aliyeshika kile kitochi cha kuangalia sikio. Yule mama aliyetoka damu alikuwa anasema "eeh?" kila ukimsemesha, tukadhani mshtuko. Kumbe kiwambo cha sikio kimepasuka, na kwa watu wa radi hiyo ni kitu cha kawaida kabisa, ule mlio na mgandamizo wa hewa unakipasua. Aligundulika wiki mbili baadaye na mtaalamu wa masikio wa kliniki nyingine, akaambiwa mara nyingi kinajiziba chenyewe, asiingize maji. Mama wa mwaloni, asiingize maji, kakaa wiki mbili anaoga ziwani. Huyo mtaalamu ndo alituambia pia macho yaangaliwe baada ya miezi, kwa sababu mtoto wa jicho anaweza kuja baadaye hata kwa kijana. Shemeji keshaangaliwa mara moja yuko salama, tutarudi tena.

Wenye hospitali wakisoma hili najua watasema radi ni mara chache, hatuwezi kujiandaa kwa kila kitu. Jamani hii ni kanda ya ziwa. Mchana mawingu yanajijenga nchi kavu, usiku upepo wa nchi kavu unakutana katikati ya ziwa inanguruma huko mpaka alfajiri, wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao. Geita hapo jirani Oktoba 2018 wanafunzi sita walikufa kwa radi darasani mvua ikinyesha, nchi nzima ilisikia. Palabek kule Uganda Novemba 2024 watu 14 walikufa wamekusanyika kwenye ibada kwenye kambi ya wakimbizi. Siyo mambo ya Ulaya haya, ni majirani. Nilichoomba mimi ni karatasi ya ECG, tochi ya sikio na mistari miwili kwenye fomu ya kuruhusiwa, sijaomba helikopta.

Kingine kidogo kwa wanaoulizia tufanyeje mwaloni hakuna majengo. Nesi anasema ukisikia ngurumo tu ujue uko karibu vya kutosha kupigwa, ingia kwenye nyumba ya kudumu au gari lenye bodi ya bati na vioo umefunga, siyo chini ya mti, siyo kile kibanda cha makuti au turubai, na usitoke mpaka ipite nusu saa toka ngurumo ya mwisho. Habari ya nguo nyekundu na kufunika vioo alicheka tu. Nusu saa nilimuuliza dagaa nani ataokota. Akasema hilo hana jibu lake.

Shemeji sasa hivi yuko kwenye injini ndogo ndogo, nusu siku, anaandika kila kitu kwenye daftari la mwanae wa darasa la tatu. Wikiendi iliyopita alinitania kwa mara ya kwanza toka Novemba, alisema bili ya hospitali nimtumie mwenye wingu.

Zahanati mkienda iko wazi kila siku, usiku mnagonga nyumba ya nyuma yenye mlango wa bluu, mbwa anabweka ila hang'ati. Watu wa mwalo tulichangishana, wenye mitumbwi elfu tano tano, wamama wa dagaa elfu elfu, tukanunua ambu ya mtu mzima na barakoa zake mbili. Inaning'inia ukutani kwenye msumari pembeni ya kalenda, na nesi ameibandikia plasta ameandika kwa maka pen: YA MWALO. ISIENDE LEBA.